Konstebo Constable, Aliyehesabiwa Mara Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulilinda bonde letu, Konstebo Clement Constable wa kituo kidogo cha Wenbrook anastaafu tarehe 30 Septemba mwaka huu. Jioni hiyo atarudisha redio, pingu, ufunguo wa kituo na kofia yake, ambayo ni ya tatu. Ya kwanza ilichukuliwa na mto. Ya pili ililiwa, na habari zake zitafuata.

Sajini Maureen Kerridge wa kituo kikuu cha mjini ndiye aliyeniomba niandike kumbukumbu hii kwa jarida letu la watumishi. Alisema akimpa mwingine yeyote ataandika utani mtupu. Mimi niko kwenye dawati la mapokezi la Wenbrook tangu Julai, nilipomaliza shule. Kwa hiyo mambo ya zamani nimeyapata kwa kuuliza, na ya mwaka huu nimeyaona mwenyewe. Utani sikuweza kuukwepa kabisa, kwa sababu unaanzia kwenye jina lake.

Kwa wenzetu wa vituo vya pwani ambao hawajatutembelea: jina la ukoo la Clem, Constable, ndilo neno lilelile la cheo chake, konstebo. Tena ndilo jina la yule mchoraji aliyezaliwa bondeni kwetu zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, mtoto wa mwenye kinu cha kusagia nafaka, aliyechora mto wetu, mikokoteni yetu na mawingu yetu mpaka watu wa mbali wakaanza kuja kuangalia kama kweli mawingu yako hivyo. Wanapofika wanakuta kila kitu kinaitwa Constable. Mkahawa wa chai ni Constable. Boti za kukodi ni Constable. Kuna dobi, kuna mtaa, kuna bia. Kuna hata fahali.

Clem si ndugu wa mchoraji. Babu yake alikuja kutoka kaskazini kuvuna viazi, akampenda msichana wa hapa, akabaki. Kila kiangazi watalii husoma jina kifuani pake, wakamshika mkono kwa furaha na kumuuliza kama yeye ni kitukuu. Kila mara hujibu, "Sina undugu naye." Bi Dulcie Pettitt, mwenye mkahawa, ameniambia alimsihi kwa miaka mingi.

"Clem, ungesema ndiyo mara moja tu, ningeuza skonzi mpaka usiku."

"Nikidanganya kuhusu babu yangu, Dulcie, kesho nani ataniamini kuhusu baiskeli iliyoibwa?"

"Baiskeli gani? Hujawahi kuipata hata moja!"

Hilo ni kweli kwa sehemu. Amepata mbili.

Safari yake ya kazi ilianza kwa adhabu. Siku ya kwanza chuoni, mkufunzi aliwapanga vijana mstari na kumwuliza kila mmoja jina lake. Alipofika kwa Clem, mambo yalikwenda hivi, kama anavyosimulia mwenyewe kila Krismasi:

"Jina?"

"Constable, afande."

"Hapa wote ni makonstebo. Nimeuliza jina."

"Constable, afande."

"Unanichezea?"

"Hapana, afande. Hata baba yangu ni Constable."

"Ni polisi?"

"Hapana, afande. Anauza samaki."

Alizungushwa uwanja mpaka karatasi zake zilipoletwa kutoka ofisini. Mkufunzi alizisoma, akazigeuza, akazisoma tena, kisha akampa maji ya kunywa. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Mara Mbili. Watoto wa Wenbrook wanamwita hivyo hadi leo, na wengine wanadhani ndilo jina lake la ubatizo.

Aliletwa Wenbrook akiwa kijana mwembamba mwenye baiskeli. Kituo kilikuwa chumba kimoja kando ya posta, na bado ni chumba kimoja, ila posta imeondoka. Miaka kumi baadaye aliitwa apandishwe cheo. Alikataa. Sababu aliyoandika ni kwamba Sajini Constable ni jina la kuchanganya watu, hawatajua kama amepanda au ameshushwa. Sababu ya kweli, anavyosema Sajini Kerridge, ni kwamba masajini hukaa mjini, na Clem alikwisha kuzoea kuamka na kujua nani anaumwa goti.

Huo ndio ulinzi wake. Hajawahi kumkamata mhalifu wa kuandikwa gazetini. Ila mafuriko makubwa yalipoingia, yeye ndiye aliyembeba Bi Dulcie mgongoni kutoka mkahawani, maji yakiwa yamemfika kifuani, huku Bi Dulcie akipiga kelele kwamba wamesahau mashine ya kahawa. Clem alirudi akaichukua. Hapo ndipo kofia ya kwanza ilipokwenda.

Na kuna jagi la njano. Bi Winifred Mott, ambaye ana miaka tisini na anaishi peke yake karibu na lango la maji la mtoni, huweka jagi la njano nje dirishani kila asubuhi na kuliingiza wakati wa chai ya jioni. Clem akipita jioni akalikuta bado liko nje, anagonga mlango. Hawakuandikiana popote. Walikubaliana tu, miaka kumi na mbili iliyopita, baada ya Bi Mott kuanguka jikoni na kulala sakafuni mpaka muuza maziwa alipokuja. Tangu hapo jagi limesahaulika nje mara nyingi kwa sababu ya usingizi au redio. Mara mbili halikusahaulika; Bi Mott alikuwa ameanguka tena. Mara zote mbili alinusurika kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akipita.

Clem alipotangaza kustaafu, swali lake lilikuwa moja tu: nani atapita baada yake?

Jibu lilikuja Julai, katika wiki yangu ya kwanza. Kampuni moja ya nje ilikuwa imepewa kazi ya kuhesabu askari wa kila eneo ili makao makuu yajue wapi wako wengi na wapi ni wachache. Sajini Kerridge alikuja na matokeo, akatusomea akiwa amesimama mlangoni.

"Bonde la Wenbrook," alisoma, "lina makonstebo wanane."

Tulicheka wote. Clem aliuliza kama wale saba wengine wana mpango wa kuchangia maziwa ya chai.

Sajini hakucheka tena. Aliendelea kusoma. Kwa kuwa bonde lina makonstebo wanane, na kijiji chenyewe ni kidogo, anayestaafu hatapewa mrithi. Kituo kitafungwa siku atakayoondoka. Wenye shida wapige simu mjini.

Mjini ni mbali hata barabara ikiwa kavu. Mto ukifurika, barabara haipo.

"Wamewatoa wapi wanane?" Clem aliuliza.

Ilituchukua asubuhi nzima kuelewa. Kompyuta ya kampuni ilikuwa imesoma taarifa zote za simu za mwaka mzima kutoka bondeni kwetu, na kila penye Constable wa aina tofauti ikahesabu askari mmoja. Watu wetu hawamalizii majina. Hakuna anayesema "mkahawa wa Constable" au "boti za Constable". Wanasema Constable, basi, na kila mtu anajua ni ipi kutokana na wanacholalamikia.

Clem alipiga simu makao makuu palepale kurekebisha. Nilikuwa upande wa pili wa dawati, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Jina lako tafadhali?"

"Constable."

"Hicho ni cheo, bwana. Naomba jina."

"Ndilo jina."

"Haya. Na cheo?"

"Konstebo."

"Umeshanitajia. Naomba jina."

Baada ya kuzunguka hivyo mara kadhaa, yule kijana wa makao makuu alisema ana kazi nyingi, akakata.

"Ungewaambia unaitwa Baker," Sajini Kerridge alisema, akitaja jina la ukoo lenye maana ya mwokaji.

"Wangeniletea oda ya mikate."

Lakini baada ya hapo alikaa akiuzungusha ufunguo wa kituo kidoleni. Kisha akasema jambo ambalo nimeona niliandike kama alivyolisema: "Nikiondoka mlango huu ukafungwa, mimi sijastaafu. Nimetoroka."

Aliendelea kupiga simu kila siku. Mwishowe, Agosti, makao makuu yakamtuma Inspekta Rosalind Whybrow. Sisi tulidhani anakuja kusikiliza malalamiko. Kumbe hakuna aliyemweleza lolote kuhusu malalamiko. Alikuja kuwapongeza makonstebo wanane kwa kazi nzuri, na alikuwa ametuma ujumbe kwamba wote wapangwe mstari mbele ya kituo saa tatu asubuhi.

Saa tatu alimkuta Clem peke yake, buti zinang'aa.

"Wengine wako wapi, Konstebo?"

"Wametawanyika bondeni, afande. Hata hivyo mmoja asingeweza kuja. Yuko na majike."

Inspekta alimtazama. "Yuko na nani?"

"Nadhani ni vizuri zaidi nikupeleke uwaone, afande. Mmoja mmoja."

Ningependa kusema hapa kwamba Clem hakuwa na nia ya kumdhihaki mtu. Usiku uliotangulia alikuwa ameandaa hotuba, lakini alipomwona Inspekta ameshika vyeti vya pongezi vilivyofungwa utepe, hotuba ikamtoka kichwani. Kuonyesha ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Tulipanda gari, mimi nyuma na vile vyeti.

Tulianzia mkahawani kwa Bi Dulcie. Inspekta alisoma katika karatasi zake: "Hapa kuna taarifa kwamba Constable alikuwa amejaa watu hadi mlangoni, na bado akawahudumia wote kwa tabasamu." Bi Dulcie alifurahi sana. Alisema ilikuwa sikukuu ya Mei, na kwamba waliopiga simu ni majirani waliolalamikia magari. Alimkalisha mgeni meza ya dirishani, akamletea skonzi mbili, jamu na krimu.

Meza ya pembeni walikuwa wazee wawili wa kila siku, Bw. Wilf Garrod na kaka yake Percy, ambao hubishana kuhusu mawingu. Wilf husema mchoraji wetu aliyachora yakiwa yanakuja, Percy husema yakiwa yanaondoka. Inspekta, kwa uungwana tu, akaingia katika mazungumzo.

"Mimi nyumbani nina picha ya Turner sebuleni. Machweo. Nzuri mno."

Vikombe viliwekwa chini mkahawa mzima. Turner, kwa wasiojua, ni mchoraji mwingine wa zama zilezile, naye ni mkubwa, ila huku kwetu hatumtaji.

"Turner," Wilf alisema polepole, kama mtu aliyeonja kitu kilichochacha.

"Kila kitu kwake kinaungua," Percy aliongeza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndugu hao kukubaliana tangu msimu wa baridi.

"Mchukulie mgeni wetu sahani yake, Dulcie. Naona ameshiba," Wilf alisema.

Na Bi Dulcie, ambaye ni mwema kuliko watu wote ninaowajua, alikuja akaichukua skonzi ya pili.

Inspekta alielewa ameshapoteza konstebo wa kwanza. Alimkata kwa kalamu. Kwenye boti alimkata wa pili, kwa sababu taarifa ya "Constable anavuja" haikuwa ya siri za kazi. Baani akaonyeshwa pipa. Aliyepiga simu wakati ule alikuwa mwenye baa mwenyewe, akidai gari la bia limepata ajali njiani, na maneno yake yalikuwa: "Constable amekwisha, leteni mwingine haraka, watu wana hasira." Makao makuu walikuwa wamesimama kimya kwa dakika moja. Inspekta alituambia hivyo kwa sauti ndogo. Alikuwa miongoni mwa waliosimama.

Mtaa na dobi tulivipita bila kushuka. "Endelea kuendesha," alisema tu, akikata.

Alasiri ikiwa imesogea tukafika shambani kwa Bw. Hubert Cutting. Hapa lazima niseme kwamba Konstebo Clement Constable, mtu aliyeingia mtoni kuokoa mashine ya kahawa, anaogopa ng'ombe. Hata ndama. Bw. Cutting anajua, na ndiyo maana alimpa fahali wake jina hilo.

Inspekta alifungua karatasi yake ya mwisho. "Huyu ndiye niliyekuwa na hamu naye zaidi," alisema. "Tarehe kumi na tisa Februari. 'Constable yuko barabarani tangu asubuhi, amesimamisha magari pande zote mbili, hasogei, hakubali kuongea na mtu.' Kwenye mvua. Bila msaada. Nilimwandikia cheti mwenyewe."

"Ndiye yule, afande," Clem alisema, akiwa amebaki mbali na uzio.

Fahali alikuja taratibu mpaka kwenye ubao wa juu wa uzio, akampumulia Inspekta usoni.

"Msogelee, Clem!" Bw. Cutting aliita kutoka bandani. "Mpe mkono mwenzako! Ndugu zako wa kweli ndio hawa!"

"Sina undugu naye," Clem alijibu.

Inspekta alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika uzio, na Clem akaona aibu kumwacha mkubwa wake peke yake na mnyama. Akasogea, akavua kofia kwa heshima, akasimama kando yake kikakamavu. Fahali aliichukua ile kofia mkononi mwa Clem na kuitafuna bila haraka yoyote. Hatukujaribu kuirudisha. Cheti cha pongezi nacho kilibaki pale. Bw. Cutting amekitundika bandani, na hakuna kosa lolote katika jina.

Njiani kurudi, Inspekta alihesabu kwa vidole. "Mkahawa, boti, bia, mtaa, dobi, ng'ombe. Hao sita. Wamebaki wawili."

"Ni mimi, afande."

"Nimesema wawili."

"Ndiyo. Konstebo, halafu Constable. Mimi ni mmoja, ila nimehesabiwa mara mbili."

Hakucheka safari hii. Alitazama nje, malishoni na mtoni. "Bonde lote hili," alisema. "Miaka yote hii. Wewe peke yako."

Wakati huohuo Clem alikanyaga breki kwa nguvu hata vyeti vikanirukia usoni. Tulikuwa tumefika kwenye lango la maji. Saa ya chai ilikuwa imepita, na jagi la njano lilikuwa bado nje dirishani.

Aliacha mlango wa gari wazi. Alikimbia, na yeye si mtu wa kukimbia. Aligonga, akaita, akagonga tena. Inspekta alishuka akamfuata bila kuuliza kitu, na mimi nikamfuata. Kwa muda hakukuwa na sauti ndani. Naikumbuka mikono ya Clem ikipapasa mfukoni kutafuta ufunguo wa akiba aliopewa na Bi Mott.

Kisha dirisha la juu likafunguka kwa kishindo.

"Clement Constable! Mtu hawezi kuoga katika nchi hii?"

"Jagi, Bi Mott!"

"Najua jagi! Nilikuwa na sabuni machoni, ningeshukaje? Na kofia yako iko wapi? Unakuja kwa mwanamke kichwa wazi?"

"Imeliwa."

"Imeliwa! Na huyo ni nani?"

"Ni Inspekta, mama. Kutoka makao makuu."

Bi Mott alijifunga taulo vizuri, akainama dirishani kumwangalia mgeni. Nilidhani atamsalimu. Aliuliza jambo moja tu.

"Wewe ndiye unayefunga kituo? Haya niambie, binti yangu. Huyu akiondoka, nani atakuja kunigongea mlango?"

Inspekta Whybrow hakutoa ahadi. Nilimheshimu kwa hilo baadaye, ingawa siku ile lilinikera. Alimwambia, "Sijui, mama. Nitauliza." Kisha akalichukua lile jagi kutoka dirishani mwenyewe, akamwachia mlangoni.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Clem alianza kusafisha kituo kama mtu anayehama nyumba. Alishusha ramani ukutani, akaitazama, akaitundika tena. Alikuwa akinifundisha mambo ambayo sikuyauliza, kwamba mlango wa Bi Dulcie hufunguka kwa kuuinua kidogo, na kwamba ndugu Garrod wakinyamaza siku nzima ndipo uwe na wasiwasi. Wanakijiji walitia saini maombi, lakini nilijua yeye hayatumaini. Kila jioni alipita kwenye lango la maji polepole kuliko kawaida.

Simu ililia katikati ya Septemba. Inspekta Whybrow alikuwa anapiga mwenyewe. Alisema hesabu imerudiwa kwa mikono ya watu na bonde la Wenbrook limeonekana lina konstebo mmoja. Kituo hakitafungwa. Konstebo mpya ataanza tarehe mosi Oktoba, msichana hodari aliyeomba mwenyewe, na amekwisha elezwa kuhusu jagi.

Nilimwambia Clem, naye akakaa chini. Alifunika macho kwa kiganja. Sikujua nifanye nini, nikaweka maji ya chai motoni.

"Anaitwa nani?" aliuliza baadaye. "Tuandike jina mlangoni."

Nilikuwa nimesahau kuliuliza, na kupiga simu makao makuu hunitetemesha, lakini nilipiga. Walinitajia. Niliwaomba warudie. Wakarudia. Nikaandika kwenye karatasi na kumsogezea, maana nilishindwa kulitamka.

Harriet Turner.

Clem aliisoma ile karatasi. Aliigeuza, akaisoma tena, kama yule mkufunzi wa chuoni. Kisha akaanza kucheka kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akicheka, mpaka Bi Dulcie akatoka mkahawani na taulo la vyombo kuja kuuliza kuna nini, na Clem akashindwa kumwambia.

"Konstebo Turner," alisema alipopata pumzi. "Sasa bonde lina wachoraji wote wawili."

Jumamosi iliyopita Clem mwenyewe alimtembeza mrithi wake bondeni kumtambulisha. Mkahawani ndugu Garrod walimkagua kimya kutoka kofia hadi buti. Wilf aliuliza kama na yeye anapenda machweo. Konstebo Turner alijibu kwamba machweo ni ya wasioweza kuamka mapema. Percy alimsogezea kiti. Bi Dulcie alimletea skonzi mbili, na zote mbili aliachiwa.

Bi Mott aliwasubiri mlangoni akiwa amevaa kofia yake ya kanisani.

"Jina lako nani, binti?"

"Turner, mama."

"Kama yule mchoraji?"

"Sina undugu naye."

Bi Mott alimtazama Clem, Clem akatazama mto. "Basi umefundishwa vizuri," Bi Mott alisema. "Ingia ndani. Jagi ndilo lile pale."

Konstebo Constable, kwa niaba ya wote wa kituo na wa bonde, asante. Asante kwa mafuriko, kwa baiskeli mbili, kwa kutuambia ukweli kila kiangazi hata uongo ulipokuwa na faida. Asante kwa kuondoka na mlango ukiwa wazi nyuma yako. Cheo utakirudisha pamoja na redio na pingu, na jina utakwenda nalo nyumbani. Kuanzia tarehe mosi Oktoba utakuwa Constable mara moja tu. Kwetu hesabu hiyo imetosha siku zote. Tunakuombea maisha marefu yenye samaki wengi mtoni, mawingu mazuri juu, na ng'ombe wote ng'ambo ya pili.

Tamsin Sallows
Dawati la mapokezi, Wenbrook